Bahari ya bamvua: jibu kwa mshoni wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu, na marhaba. Swali lako nimelisoma mara tatu, refu kama jora la kitambaa, na nimeona umelituma saa tisa za usiku, na hilo nalo limenambia kitu. Nalifupisha ili wengine wafahamu tunazungumza nini.

Una miaka 26, unashona mabuibui na nguo za harusi hapo Wete. Tokea skuli una siku zako tatu nne unaamka saa nane za usiku usingizi hamna, unakata vitambaa, unachukua oda za watu kumi, unacheka na kila mtu, alafu inakuja wiki hata kutia uzi kwenye sindano huwezi, simu umezima na wateja wanakutukana. Mtaani wanakwita kigeugeu. Mama anasema ni ruhani. Ami yako aliwahi kulazwa Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili kule Unguja. Mwaka jana ulikwenda kituo kimoja unalia, ukapewa amitriptilini, vidonge vya depresheni, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, na wiki ya pili ukawa hulali kabisa, ukachukua mkopo ukanunua cherehani ya pili. Sasa shoga yako kakutumia maswali ya kujaza kwenye simu, yakatoa jibu ati una hulka ya saiklotimia. Unauliza hii ni tabia au ugonjwa, na je mwisho utakuwa kama ami?

Jibu la mkato: hulka si ugonjwa. Lakini ni hulka ambayo watafiti wameikuta mlangoni mwa ugonjwa mara nyingi kuliko hulka nyingine, na kilichonishtua mie kwenye barua yako si zile usiku za kukata vitambaa wala hilo jibu la simu, ni hiyo cherehani ya pili. Ntaifikia.

Kwanza tukae kwenye hilo neno. Weye mtu wa Pemba huna haja ya kufundishwa bamvua na maji mafu. Siku za maji mafu bahari inajaa kidogo inatoka kidogo, hata huoni tofauti. Bamvua likija maji yanatoka mpaka kina mama wa mwani wanakwenda kule mbali kwa miguu, alafu yanarudi mpaka juu kabisa ya ufuo. Mioyo ya watu wengi siku nyingi ni maji mafu, leo furaha kidogo kesho huzuni kidogo basi. Mwenye hulka ya saiklotimia moyo wake ni bamvua: ukijaa unajaa kwelikweli, ukitoka unabaki mchanga mtupu, na ndo alivyo tokea ujanani, hakuna alichofanya. Ila bahari ina kalenda yake, mwezi mchanga na mwezi mpevu, wavuvi wanajua. Yeye hana kalenda, anaweza kulala mchangamfu akaamka hana hamu hata ya chai. Mabadiliko yenyewe huwa ya saa chache au siku chache, na hayagusi furaha na huzuni peke yake, yanagusa usingizi, maneno (leo kasuku kesho bubu), kujiamini, akili kuwa kali au kuwa nzito kama ugali uliolala, na mapenzi pia, anapenda haraka anachoka haraka, anaanza mambo matano anamaliza moja. Umecheka? Wengi hucheka hapo.

Na bamvua peke yake haliingii majumbani, hilo likumbuke. Maji yanaingia majumbani pale bamvua linapokutana na upepo mkali.

Neno saiklotimia si la juzi. Daktari wa akili Mjerumani Karl Kahlbaum aliliandika mwaka 1882 kwa wagonjwa ambao kupanda na kushuka kwao kulikuwa kwepesi, hakufiki kwenye wazimu wa kufungiwa. Baada yake akaja Emil Kraepelin, ndie aliyekusanya kupanda na kushuka kote akaviita ugonjwa mmoja, na aliposikiliza khabari za wagonjwa wake na jamaa zao akaona wengi walikuwa na hulka fulani miaka mingi kabla ya kuugua, akazitaja nne: ya huzuni, ya uchangamfu, ya hasira za karibu, na hii ya kupanda na kushuka. Kwake hulka ilikuwa ni ugonjwa wenyewe ukiwa bado mbegu. Ernst Kretschmer mwaka 1921 akaenda mbali zaidi, akasema baina ya mtu mzima wa afya na mgonjwa hakuna ukuta, ni mteremko mmoja mrefu. Huyo huyo akasema pia watu wa hulka hii ni wanene wa mviringo, na hapo alipotea, nnao kliniki wembamba kama ufagio.

Alafu ikaja zamu ya Wamarekani kuvuruga. Kitabu chao cha kutambulishia maradhi ya akili, toleo la 1968, kiliiweka saiklotimia kwenye fungu la matatizo ya tabia, yaani mtu ndo alivyo, mwacheni. Toleo la 1980 likaihamisha kwenye fungu la maradhi ya mudi, yaani ya hali ya moyo, pamoja na depresheni na baipola, ule ugonjwa wa kupanda na kushuka. Unaweza kudhani ni kuhamisha faili tu kutoka kabati moja hadi jingine lakini siyo, maana mtu wa fungu la kwanza anapewa nasaha na mtu wa fungu la pili anaweza kupewa dawa.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuihamisha ni Hagop Akiskal, Muarmenia aliyezaliwa Beirut akaenda kufundisha Marekani. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha khabari za wagonjwa 46 wa kliniki wasiolazwa, watu wa kupanda na kushuka ambao madaktari wengine walikuwa wanawaita wakorofi tu, wameshindwa na ndoa, wamehama kazi, wana madeni. Akawafatilia. Akaona familia zao zina wagonjwa wa baipola kama familia za wagonjwa wa baipola wenyewe. Akaona baadhi yao miaka ilivyokwenda waliingia kwenye ugonjwa kamili. Na akaona kitu cha tatu, hichi ndo khasa nnataka ukisome polepole: si wachache kati yao, walipopewa vidonge vya depresheni vya zama zile, hawakurudi katikati wakatulia, walipitiliza juu. Vidonge vya zama zile ndo jamii ya amitriptilini.

Umeona sasa kwa nini nimeishika cherehani.

Hali hiyo ya kupitiliza juu inaitwa haipomania, ni ndogo ya mania, ambayo ndo ule wazimu wa kupanda wenyewe. Mtu halali na hachoki, anasema sana, fedha zinamtoka, mawazo yanakimbizana, na inakaa siku 4 au zaidi, na watu wa nyumbani wanaona huyu leo siye. Mwenyewe mara nyingi anaona yuko vizuri kuliko siku zote! Ndo maana hakuna mtu anayekuja kliniki kuniambia daktari nina raha sana nisaidie. Wanakuja maji yametoka, wanalia, wananambia nusu ya khabari, na daktari mwenye foleni ya watu arubaini nje anaandika dawa ya hiyo nusu aliyoambiwa. Huyo aliyekupa vidonge simlaumu sana, lakini alitakiwa akuulize swali moja, kuna siku unakuwa kinyume cha hivi? Na weye ulitakiwa uliseme hata bila ya kuulizwa. Mie mwenyewe nimeshafanya kosa hilo hilo zamani, mgonjwa alirudi baada ya wiki tatu kauza mbuzi wote wa babake, na tokea siku ile sijaandika kidonge cha depresheni kabla ya kuuliza.

Utafiti wa baadae umekazia hapo hapo. Mwaka 1995 Akiskal na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 559 wa depresheni ya kawaida, ile ya kushuka tu, waliofatiliwa miaka 11. Asilimia 8.6 wakageuka kuwa baipola ya pili, ile yenye haipomania, na 3.9 wakageuka kuwa baipola ya kwanza, ile yenye mania kamili. Walipoangalia nyuma nini kiliwatofautisha hao wa baipola ya pili na wenzao tokea mwanzo, alama iliyokuwa na nguvu ilikuwa ni hulka, mudi isiyotulia mahala pamoja, na nyuma yake nguvu nyingi na kuota ota mchana. Kwa watoto na vijana ndo zaidi. Utafiti mmoja wa Ufaransa wa mwaka 2005 ulichukua vijana wenye depresheni ukawafatilia miaka miwili mpaka minne, na kati ya wenye hulka ya saiklotimia asilimia 64 walionekana ni baipola, wasiokuwa nayo 15. Hizi namba usizichukue ukajipigia ramli, wale walikuwa tayari wagonjwa wa spitali, siyo vijana wa mtaani. Maana yake kwako ni moja, hulka hii ikikutana na depresheni, daktari asiitibu depresheni hiyo kama ya mtu mwengine yeyote.

Sasa tofauti ya hulka na ugonjwa, maana umeuliza wazi. Hulka ni mtu alivyo na maisha yanakwenda. Upo ugonjwa unaoitwa saiklotimia wenyewe, na kwa mtu mzima wanataka iwe miaka 2 au zaidi, kupanda na kushuka kumekula angalau nusu ya siku zote hizo, hajapata miezi zaidi ya miwili mfululizo ya kutulia, na maisha yanaharibika, kazi, ndoa, skuli. Kati ya watu wa ugonjwa huo, makadirio yaliyomo kwenye kitabu cha Wamarekani ni kwamba asilimia 15 mpaka 50 huja kupata baipola. Namba pana mno, najua, inaonesha watafiti wenyewe hawajakubaliana, lakini igeuze upande wa pili: hata kwa makadirio mabaya kabisa nusu yao hawafiki huko. Na hao ni wa ugonjwa, wa hulka tupu wengi wanazeeka wakiwa ni wale shangazi tunaowajua wote, siku anakuja na sinia la haluwa anapiga vigelegele, siku hataki kumuona mtu.

Kuhusu ami. Ni kweli haya mambo yanakwenda kwa damu. Jamaa wa wagonjwa wa baipola, hata wale wazima, wakijaza maswali ya hulka wanapata alama za saiklotimia juu kuliko watu wengine. Lakini hata mzazi wako mwenyewe au ndugu yako wa tumbo moja angekuwa na baipola, uwezekano wako ungekuwa kama 5 mpaka 10 katika 100, na ami yuko mbali zaidi ya hapo. Tena hujui ami alilazwa kwa nini. Kwetu mtu akipita Kidongo Chekundu tu basi ni kichaa, ndo jina lake mpaka kaburini, wakati wanaolazwa wana sababu kumi tofauti, wengine ni unga, wengine kifafa. Muulize baba kwa adabu, ami alikuwa hali ndo anasema sana, au alikuwa anasikia sauti, au alikaa kimya miezi? Jibu hilo lina faida kwa daktari kuliko neno kichaa.

Na hayo maswali ya simu. Yenye heshima yake yanaitwa TEMPS-A, alitengeneza huyu huyu Akiskal na wenzake, maswali 110 kwa wanawake na 109 kwa wanaume, yanapima hulka tano, zile nne za Kraepelin na ya tano ya wahka. Yametafsiriwa lugha nyingi, hata Kiarabu cha Lebanon, na wanawake kwa kawaida wanapata alama zaidi kwenye saiklotimia na wahka, wanaume kwenye uchangamfu. Ni chombo cha watafiti kizuri. Kasoro yake, ukiyajaza siku umeshuka unajikumbuka vibaya maisha yako yote, ukiyajaza usiku wa manane na mkasi mkononi unajikumbuka vyengine. Weye uliyajaza lini? Kuna na mzozo mwengine, baadhi ya wataalamu wanasema hii hulka imepandiana na ule ugonjwa wa tabia wanaouita bodalaini, mtu wa mahusiano ya moto na kujidhuru, na imepandiana pia na wale watu wasiotulia akili tokea utotoni. Wataliana wa Pisa wanaona wengi wanaoitwa bodalaini ni hulka hii haikutambuliwa, wengine wanakataa katakata. Mie nipo katikati, ila mgonjwa aliyeitwa mkorofi maisha yake yote akiambiwa kuna maelezo mengine nimeona anavyoshusha mabega.

Mama na ruhani wake usigombane nae. Akikutia kombe kunywa, akikusomea, wewe pokea, dua ya mama haimdhuru mtu. Sharti langu moja tu, usiache spitali kwa ajili ya hayo, na usikubali dawa ya mitishamba bila ya kumwambia daktari, na ngoma za kukesha usiku saba zile mie sizitaki kabisa kwako, nitakwambia kwa nini.

Upepo mkali nilokuwa nausema ni kukosa usingizi. Kwa watu wa hulka hii usiku mmoja wa kukesha unaweza kumpandisha mtu, na akipanda halali, na asipolala anapanda zaidi. Mshoni anakesha lini? Kumi la mwisho la Ramadhani, Pemba nzima inataka nguo ya Idi. Walifanya utafiti Casablanca kwa wagonjwa 20 wa baipola wanaotumia lithiamu, asilimia 45 wakaugua tena ndani ya Ramadhani, na kiwango cha dawa kwenye damu hakikuwa ndo sababu, wakashuku kuvurugika kwa saa za kulala na kula. Pakistan nao wakafatilia 62 na mambo yakaenda salama, kwa hivo sikwambii usifunge, Mungu anisamehe nikisema hivo. Nakwambia oda za Idi zifunge Shaabani, na baada ya tarawehe ulale. Mirungi na vinywaji vya nguvu vya kopo ndo usiguse.

Wengine wanauliza kuna dawa? Zipo, lakini kwa hulka tupu mie sitoi dawa, natoa saa ya kulala na saa ya kuamka, ile ile Jumatatu mpaka Jumapili, na kazi isiyozidi mikono. Ukionekana una ugonjwa, zipo dawa za kuituliza mudi, lithiamu ndo kongwe, inatumika tokea 1949, inataka kupimwa damu, figo na tezi la shingo. Lamotrijini inasaidia upande wa kushuka, inaanzwa kidogo kidogo mno kwa sababu ya vipele vinavyoweza kuwa hatari. Na kwa vile unasema una mchumba: ukiandikiwa valproeti sema pale pale daktari mie nataka kuzaa, maana kwenye mimba karibu mtoto mmoja katika kumi anazaliwa na kasoro na wengi zaidi wanachelewa akili. Mchumba mwambie, lakini mwambie baada ya kumuona daktari, uwe na jina la kumwambia, siyo jibu la simu.

Bado una hivyo vidonge nyumbani? Usivimeze tena kwa kujiandikia siku ukishuka. Na kama ndo unavyo mpaka leo kila siku, usivikate ghafla, nenda navyo.

Kitu kimoja sitaki kukipita. Tafiti nyingi zimeona watu wenye hulka hii, khasa wakiwa kwenye depresheni, wanapata mawazo ya kujiua zaidi kuliko wenzao, kwa sababu hali inageuka haraka na mtu anachukua uamuzi wa milele kwa mudi ya saa mbili. Hukuyataja kwenye barua yako nashukuru. Yakija usingoje miadi, mwamshe mama hata saa nane za usiku, mkasi na vidonge avichukue yeye, na mkipambazuka muwe spitali.

Sasa cha kufanya wiki hii. Chukua lile daftari la vipimo vya wateja, geuza nyuma. Kila siku andika mstari mmoja tu: ulilala saa ngapi mpaka saa ngapi, mudi kutoka 1 mpaka 10, ulichukua oda ngapi na fedha ulizotumia, na siku za hedhi tia alama. Wiki sita. Alafu nenda kliniki ya afya ya akili Wete hapo au Chake, nenda na daftari na nenda na mama au dada, mtu aliyekuona ukiwa juu, maana weye utamsimulia daktari siku za kulia tu. Mwambie na akupime tezi la shingo, likienda mbio au likizubaa linaweza kufanana na haya yote. Na khabari ya kwanza kumwambia, kabla hata ya machozi, iwe ile ya vidonge na cherehani ya pili.

Cherehani yenyewe usiiuze bado. Mpe mwanafunzi aishone yeye zile wiki zako za kushuka, wateja wapunguze matusi.